Kupiga Mbizi Pemba kwa Mtu Asiye na Muda wa Kujifunza

Kwanza, nunua kamera. Mtungi, miwani, mapezi na suti ya mpira vyote hukodishwa, na kuogelea utajifunza hukohuko mbele kwa mbele, lakini kamera ya kuingia majini lazima iwe yako, kwa sababu ndiyo iliyokupeleka. Mtu aliyeshuka mita 25 kwenye ukuta wa mwamba wa kisiwa cha Misali akarudi bila picha, mjini atasimama na nani? Watamwuliza alikwenda Pemba kununua karafuu ama kutafuta mganga, na hatakuwa na jibu.

Mwongozo huu ni wa kwetu sisi: watu wa Dar, wa Tanga, wa Mombasa, wa Mjini Unguja, tuliozaliwa hatua chache kutoka baharini na ambao samaki tunamjua kwa rangi ya mchuzi. Wageni wana miongozo yao, minene, imejaa maonyo kuanzia jalada hadi jalada. Wameisoma, wakaja, wakashuka, wakarudi kwao wakijua majina ya samaki wetu kwa Kilatini. Sisi tunamjua chewa akiwa amekaangwa, changu akiwa wa kupaka, pweza akiwa ndani ya nazi. Umefika wakati tuwafuate hukohuko waliko tukawaone wakiwa wazima. Na kwa kuwa sisi ni wenyeji, maonyo hayatuhusu. Tunachohitaji ni njia ya mkato.

Utauliza kwa nini Pemba, wakati Unguja iko karibu na ina hoteli nyingi zaidi. Jibu liko chini ya maji. Bahari iliyo baina ya Unguja na bara ni ya kina kidogo. Zama za barafu, maji ya dunia yaliposhuka, kisiwa kile kilikuwa kipande cha bara tu. Pemba haikuwa hivyo. Imejitenga kwa mamilioni ya miaka, na bahari iliyoitenga inashuka zaidi ya mita 800. Ndiyo maana mwamba wa magharibi ya kisiwa, kuanzia Njao kule kaskazini, ukaja Fundu, hadi Misali mbele ya Chake Chake, una mahali ambapo hautelemki kwa adabu kama miamba mingine. Unakwenda, unakwenda, kisha unakatika kuwa ukuta. Unaogelea juu ya matumbawe yaliyo mita chache chini ya tumbo lako, na ghafla chini yako hapana kitu, buluu tupu, na buluu yenyewe inazidi kuwa nyeusi kadiri unavyoitazama. Hapo ndipo watu wengi hukumbuka kwamba siku ile walikuwa na shughuli nyingine mjini.

Sasa suala la kusoma. Watakuambia kuna kozi. Ya mwanzo huchukua siku tatu au nne na hukuruhusu kushuka hadi mita 18. Ukitaka 30 kuna nyingine. Mpaka wa mwisho wa mbizi za starehe ni mita 40, na hapo napo wanataka cheti. Siku nne za likizo, kukaa darasani na kupiga magoti kwenye maji ya kina cha kiuno ukijifunza kuvua miwani na kuivaa tena! Njia ya mkato ni hii: ukiulizwa kama umewahi kuzamia, jibu "mara nyingi tu", kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Daivu masta, kama vijana wa boti wanavyomwita kiongozi wa mbizi, atakujua ndani ya dakika moja, pale utakapovaa jaketi la kujazwa hewa mbele nyuma, lakini ni mtu wa Pemba na hatakuaibisha mbele za watu. Atakwambia tu, "Leo wewe utakuwa karibu na mimi, sheikh." Lichukue hilo kuwa ni heshima.

Ipo na fomu ya afya. Inauliza pumu, moyo, presha, kifafa, masikio, mimba, dawa unazotumia. Wajuzi huweka alama ya "hapana" kuanzia juu hadi chini kabla hawajasoma swali la kwanza. Hapa nitatoka nje ya kejeli kidogo, halafu nitarudi. Mtu mwenye pumu ambaye mirija yake ya hewa inajibana akiwa chini, hewa iliyonaswa kwenye pafu itataka kutanuka wakati anapanda, na haitapata pa kutokea. Ile fomu hutolewa na watu wa hoteli, ila mwenye kuisahihisha ni bahari. Mafua vilevile: pua ikiziba, masikio hayatakubali, na hakuna kidonge cha dukani kinachodumu kwa uhakika hadi mwisho wa mbizi.

Nimerudi.

Siku ya kuzamia ichague mwenyewe, kufuatana na ruhusa ya kazini. Nahodha atakuja na habari za mwezi. Atakwambia mwezi ni mpevu, au ndio kwanza umeandama, na kwamba ni maji ya bamvua: hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita tatu, na maji yote hayo ya ghuba yanataka kupita kwenye mlango mmoja kama wa Njao au wa Fundu. Atataka mngoje maji yasimame. Wewe mwonyeshe simu.

"Programu inasema leo hakuna upepo kabisa."

"Kweli, upepo haupo," atasema nahodha, akiendelea kukunja kamba. "Lakini hatuendi juu, tunakwenda chini."

Usikubali kushindwa na mtu ambaye hana simu ya kisasa. Sisitiza. Ukifanikiwa, mtashuka maji yakienda mbio, na utauona ukuta wote wa Pemba ukipita mbele yako kwa kasi ya daladala isiyo na abiria, bila kuona hata kitu kimoja. Faida yake ni kwamba utasafiri mbali. Mahali ulipoingilia na mahali utakapoibukia vitakuwa vijiji viwili tofauti, na nahodha yuleyule uliyemdharau ndiye atakayekuwa juu anafuata mapovu yako na boya la rangi ya chungwa la daivu masta. Kuna mkondo mbaya zaidi, unaoteremka na ukuta kwenda chini na kukuchukua pamoja nao. Waliosoma wanajua kwamba hapo mtu hapambani nao kwa kupanda moja kwa moja. Anauvuka kwa upande hadi utakapomwachia. Wewe hukusoma, kwa hiyo hili usilijue.

Misimu pia ina maneno mengi. Kusi linavuma katikati ya mwaka na kuchafua bahari. Kaskazi huleta maji safi. Na katikati yao kuna tanga mbili, upepo unapokosa uamuzi na bahari inalala. Watu wa boti hupenda sana tanga mbili za mwisho wa mwaka, Oktoba na Novemba, kabla kaskazi halijashika. Wewe ruhusa yako ni Julai. Nenda Julai.

Tuseme umefika Misali. Ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji. Wapo askari wa hifadhi, na wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya muda, wakangoja samaki kisha wakaondoka. Katika mapokeo ya Pemba, Nabii Khidhr alifika hapo, akahitaji msala wa kusalia, akakosa, na kisiwa chenyewe kikamtosha kwa vile kilivyoelekea kibla. Kuna mapango ambayo mpaka leo watu huenda kuomba dua. Kasa hupanda ufukweni kutaga. Mambo yote hayo yanakutaka wewe ushuke kwenye boti na spika ya muziki, umevaa nguo ya kuogelea tu, na chupa tatu za plastiki ambazo hukupanga kurudi nazo.

Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na baadaye ikaingizwa kwenye hifadhi kubwa zaidi ya upande wote wa magharibi wa Pemba. Sheria za serikali, kama tujuavyo, huwa na nguvu pale ambapo boti ya doria ina mafuta. Kilichosaidia Misali ni kwamba masheikh nao walisimama misikitini wakazungumza juu ya bahari kama amana, kwamba kiumbe aliyemo humo si mali ya mwenye wavu mkubwa. Sehemu ya mwamba wa magharibi ikaachwa isivuliwe. Sehemu hiyo ndiyo unayokwenda kuizamia wewe. Kila chewa mnene utakayempiga picha yupo pale kwa sababu kuna mvuvi, mwenye watoto na deni dukani, aliyempita akaenda kutafuta mbali zaidi. Mvuvi huyo hajawahi kuvaa mtungi na pengine hatavaa; bei ya mbizi moja ya kwako haikupangwa kwa mfuko wake. Ukikutana naye dagoni, mweleze kwa urefu umuhimu wa kuhifadhi mazingira. Atasikiliza. Watu wa Pemba ni wasikivu.

Vifaa. Omba risasi nyingi. Mkanda wa risasi ndio unaokuzamisha, na mtu mwenye wasiwasi hufikiri tatizo lake litakuwa kushindwa kuzama. Ukifungwa kilo nne za ziada utashuka bila shaka yoyote, kisha utalazimika kujaza jaketi hewa ili usiendelee kushuka, kisha hewa ile itatanuka ukipanda kidogo na kukurusha, kisha utaimwaga na kuporomoka. Kwenye mwamba wa kawaida mchezo huu huishia mchangani na aibu ndogo. Kwenye ukuta hapana mchanga. Na suti ya mpira, inayokusaidia kuelea ukiwa juu, hubanwa na maji kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kila mita unayoporomoka hukufanya mzito zaidi kwa mita inayofuata.

Suti yenyewe chagua nyekundu, uonekane vizuri. Maji hula rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa. Mita tano tu chini imeanza kufifia, na ukifika mita 20 umevaa kitu cha hudhurungi kisichoeleweka. Ukijikwaruza kwenye mita 30 damu yako itatoka ya kijani. Samaki wengi wa pangoni ni wekundu kwa sababu hiyohiyo: kule chini wekundu ni giza, ni njia ya kutoonekana. Wazoefu hubeba kurunzi, nao wakiimulika tu, ukuta uliokuwa wa kijivu huwaka machungwa, zambarau na nyekundu mbele ya pua zao. Lakini kurunzi inaushika mkono mmoja, na mkono huo una kamera.

Sasa unaingia. Unakaa ukingoni mwa boti, mgongo kwenye maji, unashika miwani na mdomo wa kupumulia, na unajiachia kinyumenyume. Mtindo huu ni salama kabisa na unatisha kabisa. Ukishuka, ziba pua upulize taratibu ili masikio yafunguke, tena uanze mapema, mita ya kwanza, kabla hayajauma. Wapo mashujaa wanaongoja maumivu ndipo wapulize kwa nguvu zote. Hao huuza simulizi zao kwenye kliniki za masikio.

Chini ya maji hakuna maneno, kuna vidole, na hapa ndipo mtu wa kwetu anapoonewa. Tangu utotoni dole gumba likisimama ni poa, safi, twende kazi. Chini ya maji dole gumba lililosimama lina maana moja tu: napanda juu, mbizi imekwisha. Mtu anayetaka kusema yuko salama huunganisha kidole cha shahada na dole gumba vikafanya duara. Daivu masta atakuonyesha duara, akiuliza kama uko sawa; wewe kwa furaha utamjibu kwa dole; atakukamata mkono akupandishe. Mtashuka tena, atauliza tena, utamjibu tena kwa dole, na bashasha juu yake. Inawezekana kabisa kumaliza mtungi mzima kwa njia hii bila kuvuka mita sita.

Lakini tuseme umevuka. Upo ubavuni mwa ukuta, mkono wa kulia mwamba, mkono wa kushoto Bahari ya Hindi. Matumbawe yaliyopanuka kama vipepeo vya ukili yamesimama yakikabili mkondo ili yachuje chakula. Juu yako wamepita kolekole kwa kundi, wakiwa na haraka ya watu wenye mkutano. Mkunga ametoa kichwa shimoni, anafungua na kufumba mdomo, hakutishii, anapumua. Na sauti ile, kra, kra, kra, unayoisikia kutoka kila upande kwa sababu ndani ya maji sauti huenda kasi mara nne kuliko hewani na masikio hushindwa kujua imetokea wapi, ni pono wanakula.

Pono tumewasingizia. Tunasema mtu kalala usingizi wa pono, na ni kweli kwamba usiku baadhi yao hulala ndani ya mfuko wa kamasi wanaoutengeneza wenyewe kwa vinywa vyao, wasiamke hata ukiwamulika. Ila mchana hakuna mfanyakazi kama pono. Meno yao yameungana yakawa mdomo mgumu wa kugugunia mwamba. Wanakwangua mwani, wanasaga na jiwe lenyewe, na kinachoingia mbele kama tumbawe hutoka nyuma kama mchanga. Sehemu isiyo ndogo ya mchanga mweupe wa fukwe zetu, ule unaotandikiwa taulo na kupigiwa picha za fungate, imepitia tumboni mwa pono. Sijaona hoteli iliyoweka habari hii kwenye tangazo lake.

Mbele kidogo kuna jambo ambalo mimi ningekushauri ulitazame hata kama huna nia ya kutazama kitu. Kwenye kichwa kimoja cha tumbawe anakaa kisamaki chembamba, mstari mweusi kutoka puani hadi mkiani, na kazi yake ni kusafisha wenzake. Chewa anafika, mdomo wake unaweza kummeza kisamaki huyo mara ishirini, anasimama, anautanua mdomo na matamvua, na kisamaki anaingia ndani kuchukua vimelea na ngozi iliyokufa, anatokea upande wa pili, na hakuna anayemla mtu. Nyuma wanangoja changu na puju. Ni foleni, tena foleni ya kweli, haina mtu wa "mimi nilikuwa hapa, nilitoka kidogo tu". Na kishoka yupo. Samaki mwingine kabisa, wa ukoo mwingine, amevaa rangi zilezile na anacheza mwendo uleule. Anamsogelea mteja kama fundi, kisha anamng'ata kipande cha pezi na kutokomea. Wanaoumizwa zaidi ni samaki wachanga. Wazee wamekwisha jifunza kumwangalia fundi mara mbili.

Unaweza kukaa hapo robo saa bila kusogea, na kwa kuwa hujasogea hutakuwa umetumia hewa nyingi, na kwa kuwa hukutumia hewa nyingi utakaa zaidi. Hiyo ndiyo siri ya watu wanaorudi na simulizi. Wewe piga picha moja ya ukungu uendelee. Umelipia ukuta, hukulipia foleni.

Ukimwona kikande mkubwa anakujia uso kwa uso, mwenye meno ya kuvunjia makombe, huenda ana mayai karibu. Eneo analolilinda huanza dogo chini na kupanuka kwenda juu, na binadamu akifukuzwa hukimbilia juu, yaani anazidi kuingia kwenye kiwanja cha mwenyewe. Ondoka kwa upande. Mapezi mwachie ayang'ate, si yako, ni ya kukodi.

Tumefika kwenye kishawishi chenyewe: kwenda chini zaidi. Ukuta unakuita, maji ni safi, kila mita inafanana na iliyotangulia, na hakuna sakafu ya kukwambia basi. Nje ya hoteli, Pemba ni kisiwa ambacho kulewa kunahitaji bidii. Mita 30 chini unalewa bure. Naitrojeni ya hewa ya kawaida, ikivutwa kwa shinikizo la huko, hulegeza akili: mwingine hucheka, mwingine huogopa bila sababu, mwingine husoma geji yake mara tano na kuridhika nayo kila mara bila kujua imesema nini. Sijasikia mtu akimwuliza sheikh hukumu ya ulevi huu. Dawa yake ni kupanda mita chache, na ulevi huondoka wote, hauachi hata harufu. Kasoro ni kwamba mlevi ndiye anayetakiwa kutoa uamuzi huo.

Na hewa nayo inakwenda. Kila mita 10 huongeza shinikizo sawa na lile la anga lote lililo juu yetu, kwa hiyo mita 30 unavuta hewa mara nne ya ile ya juu kwa pumzi ileile moja. Mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri umebanwa ndani yake kiasi cha lita 2,400. Mtu mtulivu angeukalia juu ya boti karibu saa mbili. Kwenye mita 30 ni nusu saa. Na ukiwa mtu wa kupiga mapezi ovyo huku unamfukuza kasa umrekodi, gawa tena. Kasa, kwa taarifa yako, hana haraka. Akifukuzwa huwa nayo.

Usidhani ukishuka zaidi utamkuta silikanti. Ng'ambo ya bahari hiyohiyo, upande wa Tanga, wavuvi wa nyavu za jarife walianza kumnasa mwanzoni mwa karne hii, samaki ambaye wataalamu walimhesabu katika waliokwisha toweka pamoja na dinosaria mpaka alipoopolewa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga sasa kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Anaishi kwenye kina ambacho mtungi wa kukodi haukukusudiwa, na ameishi humo muda wote huo bila kutuhitaji.

Picha kubwa ya safari ni ile ya kushika tumbawe. Shika tawi moja, egemea, weka pezi juu ya jingine, tabasamu. Tumbawe ni jiwe, si ndiyo? La, ni mkusanyiko wa wanyama wadogo mno, wenye vimwani ndani ya miili yao vinavyowapikia chakula kwa jua, na yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Unalolivunja kwa kisigino huenda lilianza kabla ya Muungano. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto hadi vimwani vikafukuzwa na matumbawe yakapauka, na mengi ya visiwa vyetu yakafa, Misali ikiwamo. Joto limerudi mara kadhaa tangu hapo. Kisha kuna wenzetu wa pwani ya bara waliokuwa na njia yao ya kukutana na samaki kwa haraka, chupa ya baruti, hata mzamiaji aliyekuwa kilomita kadhaa mbali akausikia mlipuko kifuani. Doria kali za karibu muongo mmoja uliopita ziliwapunguza sana. Baada ya joto na baruti, mwamba uliobaki umenusurika mengi, na sasa unakuja wewe na kisigino.

Kupanda juu ndiko rahisi, watu husema: jaza jaketi hewa uruke kama kizibo, umebana pumzi usije ukanywa maji. Hili sitalifanyia mzaha. Kubana pumzi wakati wa kupanda hupasua mapafu, na si lazima uwe umetoka mbali. Kutoka mita 10 kuja juu hewa iliyo kifuani hutanuka mara mbili. Pumua wakati wote, panda polepole kuliko mapovu yako madogo, na simama kwenye mita tano kwa dakika tatu ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka kwa njia ya mapafu, isitoke kwa njia ya mapovu kwenye viungo na uti wa mgongo. Anza kupanda ukiwa bado na akiba. Chumba cha shinikizo cha kutibu mtu aliyekosea hapo si kitu cha kukuta kwenye kila hospitali ya wilaya.

Dakika tatu hizo za mita tano ndizo watu huziona ndefu. Hakuna ukuta, hakuna kasa, mmening'inia tu, daivu masta anatazama saa. Wapo waliowahi kuona bora wasihangaike kabisa: kaskazini ya Pemba kuna chumba cha hoteli kinachoelea, chenye kitanda chini ya maji na madirisha pande zote, samaki wanakuja kukuangalia umelala. Ni ghali kuliko mbizi nyingi sana, lakini huhitaji kujaza fomu ya afya.

Jambo la mwisho ni tiketi. Mtu mwenye shughuli zake huzamia mchana na kupanda ndege ya Chake Chake jioni, Jumatatu yuko ofisini. Lakini ile naitrojeni iliyobaki mwilini haijui kalenda ya ofisi, na ndege inapopaa shinikizo hupungua kama vile umepanda tena kutoka chini bila kusimama. Baada ya mbizi moja ya kawaida ngoja angalau saa 12; baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Ukiibuka Jumamosi saa tisa alasiri kwa mbizi ya pili, usipande ndege kabla ya saa tatu asubuhi ya Jumapili. Kama huna muda huo, nenda Mkoani ukapande boti. Inapita juu ya bahari, kwenye usawa uleule ulioibukia, na haikudhuru.